Kesi za bunduki Marekani: mizani ya historia imewapa majaji kazi isiyo yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari za kesi za silaha za moto nchini Marekani. Habari hizi huja na vichwa vya namna mbili tu: ama Mahakama ya Juu "imeruhusu bunduki", ama "imepiga marufuku bunduki". Msomaji hubaki akidhani kwamba majaji tisa wa Washington hukutana kupiga kura kama wanazipenda bunduki au wanazichukia. Siandiki kumlaumu mwandishi yeyote, maana kesi zenyewe ni ngumu hata kwa wenye nchi yao. Naandika kwa sababu kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni kikubwa kuliko hukumu yoyote moja. Kipimo chenyewe cha kuamulia kesi hizi kimebadilishwa, na naamini kwa dhati kwamba kimebadilishwa vibaya.

Mimi ni mkalimani wa mahakama katika jimbo la Texas. Kazi yangu ni kuketi kando ya mtu anayezungumza Kiswahili, mara nyingi mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, na kumfikishia kwa lugha yake kila neno la hakimu na mawakili, kisha kuyarudisha majibu yake kwa Kiingereza bila kuongeza wala kupunguza. Sehemu kubwa ya siku zangu hupita katika vyumba vinavyosikiliza maombi ya amri za ulinzi, yaani amri ambazo mahakama humpa mtu, aghalabu mwanamke, dhidi ya mume au mwenzi anayempiga au kumtishia maisha. Kanuni za kazi zinanizuia kueleza habari za mtu yeyote niliyemtafsiria, nami sitazieleza. Nitasema tu kwamba mwaka 2023 swali nililoulizwa mara nyingi kuliko lolote, baada ya hakimu kutia saini amri na watu kuanza kuinuka, lilikuwa hili: "Mama, na ile bunduki yake je?" Sikuruhusiwa kulijibu, kwa kuwa mkalimani si wakili. Lakini sikuweza kulisahau, na ndilo lililonifanya nianze kuzisoma hukumu zenyewe badala ya kutegemea ninayosikia.

Mzizi wa mambo yote ni sentensi moja, Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Tukiitafsiri kwa uaminifu inasema hivi: kwa kuwa jeshi la mgambo lililoratibiwa vyema ni la lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu kumiliki na kubeba silaha haitaingiliwa. Mtu wa kazi yangu ataona mara moja mahali penye tabu. Katika Kiingereza cha asili maneno "kwa kuwa" hayamo. Sehemu ya kwanza imewekwa tu kando ya sehemu ya pili, bila kiunganishi, na msomaji ndiye anayeachiwa kuamua zinahusiana vipi. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo. Ni lazima tuchague neno la kuziunganisha, na tukishalichagua tumekwisha kutoa hukumu. Je, habari ya mgambo ndiyo mpaka wa haki yenyewe, kwamba watu wana haki ya silaha kwa kadiri ya utumishi wao katika mgambo? Au ni utangulizi unaotaja sababu mojawapo ya haki ambayo tangu mwanzo ni ya kila mtu binafsi? Hapo ndipo walipogawanyika majaji, na waliogawanyika ni watu wasomi wenye nia njema pande zote mbili.

Kwa muda mrefu Mahakama ya Juu haikuwa na haraka ya kulijibu swali hilo. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya taifa iliyotoza kodi ya dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule, kwa bunduki za rashasha na bunduki za marisau zilizofupishwa mitutu, na ikalazimisha zisajiliwe. Watu wawili walioshtakiwa kwa kuvusha bunduki ya namna hiyo kutoka jimbo moja hadi jingine walidai kwamba Marekebisho ya Pili yanawalinda. Mwaka 1939, katika kesi ya Marekani dhidi ya Miller, majaji walisema hawakuoneshwa uhusiano wowote kati ya silaha hiyo na ufanisi wa mgambo. Upande wa washtakiwa haukuwa na wakili hata mmoja mbele ya majaji. Hoja zilizosikilizwa zilikuwa za serikali peke yake. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu uamuzi uliotolewa bila upande wa pili kusikika ndio uliotawala uwanja huu kwa takriban miaka 70, na waliokuwa wakiulalamikia hawakuwa wakilalamika bure.

Kabla sijafika kwenye haki yenyewe, niseme kwa ufupi kwamba si kila kesi ya bunduki ni kesi ya Marekebisho ya Pili. Marekani ni shirikisho, na sheria ya serikali kuu yaweza kuanguka kwa sababu tu Bunge halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1995 katika kesi ya Lopez. Sheria ya mwaka 1990 iliyokataza bunduki karibu na shule ilibatilishwa kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa kuwa Bunge lilikuwa limejiegemeza kwenye mamlaka yake ya kusimamia biashara kati ya majimbo, na mwanafunzi kubeba bastola shuleni si biashara. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Printz, ilikuwa zamu ya sehemu ya sheria ya Brady ya mwaka 1993. Serikali kuu, walisema majaji, haiwezi kuwaamuru masherifu walio chini ya majimbo wafanye kazi yake ya kuwachunguza wanunuzi wa bastola. Uchunguzi wenyewe haukufa, kwani tangu mwaka 1998 unafanywa kwa mfumo wa kompyuta unaoendeshwa na FBI. Aliyesoma wakati ule kwamba Mahakama "imefuta ukaguzi wa wanunuzi" alidanganyika.

Zipo pia kesi za tafsiri ya sheria, na hizi ndizo zinazopotoshwa zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2017, huko Las Vegas, mtu mmoja aliwamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki, akipigia kutoka dirisha la hoteli. Wapo waliofariki usiku ule na wapo waliofariki baadaye kwa majeraha, jumla watu 60. Baadhi ya bunduki zake zilikuwa na kitako maalumu kinachotumia teke la bunduki yenyewe kuirudisha mbele na nyuma, hivi kwamba kifyatulio kinagonga kidole kilichotulia na risasi zinafuatana karibu kwa kasi ya rashasha. Mwaka uliofuata ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha za moto, ilitoa kanuni iliyosema kwamba bunduki yenye kitako hicho ni rashasha kisheria, kwa hiyo hairuhusiwi. Juni 2024, katika kesi ya Cargill, Mahakama ya Juu ilitengua kanuni hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Majaji hawakusema kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kuwa na kitako hicho. Walisema kwamba sheria inaieleza rashasha kuwa ni bunduki inayotoa zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la kifyatulio, na kwamba kwa kitako hicho kifyatulio hutenda upya kwa kila risasi. Jaji Alito aliongeza kwamba dawa iko mikononi mwa Bunge, ambalo laweza kuibadilisha sheria likitaka. Mwaka uliofuata, Machi 2025, Mahakama hiyohiyo ilikubali kwa kura 7 dhidi ya 2 kanuni nyingine ya ATF kuhusu vifurushi vya vipande vya bunduki zisizo na namba, ambavyo mtu hununua na kuviunganisha nyumbani. Huko nako Marekebisho ya Pili hayakuguswa. Majaji waliotengua kanuni moja na kuidhinisha nyingine hawakuwa vigeugeu. Walikuwa wakisoma maneno ya sheria mbili tofauti.

Sasa nije kwenye haki. Juni 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iligawanyika 5 dhidi ya 4 na kwa mara ya kwanza ikasema waziwazi kwamba Marekebisho ya Pili yanalinda haki ya mtu binafsi, hata asiyehusika na mgambo, kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Mlalamikaji alikuwa mlinzi aliyeruhusiwa kubeba bastola akilinda jengo la mahakama jijini Washington, lakini sheria ya mji huo ya mwaka 1976 haikumruhusu kuwa nayo nyumbani kwake. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, hakuiacha haki bila mipaka. Aliandika kwamba hukumu haitilii shaka makatazo ya siku nyingi dhidi ya watu waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, wala makatazo ya kubeba silaha shuleni na katika majengo ya serikali. Kwa kuwa Washington haimo katika jimbo lolote, ilibidi ije kesi ya pili, McDonald dhidi ya Chicago, mwaka 2010, kusema kwamba haki hiyo inayabana majimbo na miji pia kupitia Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868.

Naomba wasomaji wanaozichukia bunduki, nami mwenyewe sizipendi, waipe kesi ya McDonald heshima inayostahili. Mlalamikaji alikuwa mzee mweusi, mstaafu, aliyeishi katika mtaa uliozidiwa na wizi na magenge, ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa na ambaye jiji lilimnyima bastola bila kumpa usalama mbadala. Hukumu hiyo inasimulia kwa kirefu jinsi majimbo ya kusini, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yalivyowanyang'anya silaha watu waliotoka utumwani ili wasiweze kujikinga na waliokuwa wakiwavamia usiku. Anayedhani kwamba madai ya haki ya silaha ni ya wazungu wenye mashamba tu hajaisoma historia ya nchi hiyo.

Baada ya Heller mahakama za rufani zilijitengenezea njia ya kufanyia kazi. Kwanza ziliuliza kama sheria inayolalamikiwa inaigusa haki. Ikiwa inaigusa, ziliuliza serikali ina haja gani, imeleta ushahidi gani, na kama sheria hiyo inaibana haki kupita kiasi kinachohitajika. Ilikuwa mizani ya kawaida, ileile inayotumika katika haki nyingine nyingi, na sheria nyingi zilipona kwa njia hiyo. Zilipona kirahisi mno, walisema walalamikaji, na huenda katika baadhi ya kesi walikuwa na haki.

Tarehe 23 Juni 2022 mizani hiyo ilitupwa. Kesi ilikuwa ya New York, ambako tangu mwaka 1911 kulikuwa na sheria iliyokuja kumtaka anayeomba kibali cha kubeba bastola hadharani athibitishe kwamba ana haja ya pekee kuliko mtu wa kawaida, na ofisa ndiye aliyeamua kama haja hiyo inatosha. Katika kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Bruen, Mahakama iliibatilisha sheria kwa kura 6 dhidi ya 3. Hata hapa sitajifanya kwamba sheria ile haikuwa na kasoro. Mawakili wa utetezi wa umma wa New York, wakiwemo wa chama cha mawakili weusi, walipeleka waraka mahakamani wakiunga mkono upande wa walioipinga, kwa sababu wateja wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini ndio waliokuwa wakifungwa kwa kubeba silaha bila kibali ambacho wao hawakuwa na njia ya kukipata. Kibali kinachotegemea hisani ya ofisa huwa kibali cha wenye kujuana. Kama Mahakama ingeishia hapo, nisingeandika barua hii.

Lakini Jaji Thomas, aliyeandika kwa niaba ya wengi, aliweka kanuni mpya kwa kila kesi itakayofuata. Ikiwa maneno ya Marekebisho ya Pili yanamhusu mlalamikaji na jambo analotaka kufanya, sheria inayomzuia ni batili, isipokuwa serikali ithibitishe kwamba inalingana na mapokeo ya kihistoria ya taifa hilo ya kudhibiti silaha. Jaji haruhusiwi tena kupima faida ya sheria dhidi ya hasara yake. Mwaka 2023 watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa risasi nchini Marekani, zaidi ya nusu yao wakijiua wenyewe. Chini ya kanuni ya Bruen, wakili wa serikali anaweza kuzisoma namba hizo mahakamani akamaliza pumzi, nazo hazitamsaidia kitu. Kinachotakiwa ni sheria za kale zinazofanana na hii ya leo, nazo zitoke katika kipindi kinachofaa. Kipindi chenyewe ni kipi, mwaka 1791 ilipoidhinishwa haki au mwaka 1868 ilipoanza kuyabana majimbo? Hukumu haikusema.

Matokeo yake yalionekana haraka. Kabla mwaka huo haujaisha, jaji mmoja wa shirikisho huko Mississippi, Carlton Reeves, alipokuwa na kesi ya mtu aliyewahi kufungwa na kukutwa na bunduki, aliwauliza mawakili wa pande zote kama amteue mwanahistoria wa kumsaidia, kwa kuwa majaji hawakusomea historia. Wapo waliomwona kuwa anafanya ukaidi. Mimi namwona kuwa mtu mwaminifu aliyekiri mbele ya watu kwamba kazi aliyopewa si aliyoiapia.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye swali la wale wanawake. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1994 inamkataza mtu aliyewekewa amri ya ulinzi kwa ajili ya mwenzi wake kumiliki silaha ya moto kwa muda wote amri inapodumu. Mwaka 2019, huko Arlington hapa Texas, mwanamume aitwaye Rahimi, ambaye kesi yake ilikuja kujulikana kwa jina lake, aligombana na mwanamke aliyezaa naye katika maegesho ya magari, akamburuta hadi kwenye gari na kumsukumia ndani hata akagonga kichwa, kisha akafyatua risasi alipogundua kwamba kuna mtu anatazama. Mwanamke alipata amri ya ulinzi. Baadaye polisi walipekua alimokuwa akiishi mwanamume huyo, wakakuta bunduki na nakala ya amri yenyewe iliyomkataza kuwa nazo. Alikiri kosa, akahukumiwa. Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano, inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi, kwanza iliithibitisha hukumu hiyo. Ikaja Bruen. Mahakama hiyo ikaiondoa hukumu yake ya awali, na Februari 2023 ikasema kwamba sheria ya mwaka 1994 ni batili, kwa kuwa serikali haikuonesha sheria ya kale inayofanana nayo vya kutosha.

Tafadhali, Mhariri, tulia kidogo hapo. Kwa nini mwaka 1791 hakukuwa na sheria ya kumnyang'anya bunduki mume anayempiga mkewe? Je, ni kwa sababu waasisi wa taifa lile walilitafakari jambo hilo na kuona kwamba haki ya silaha inalikataza? Hakuna anayesema hivyo. Haikuwepo kwa sababu wakati ule mke alikuwa chini ya mamlaka ya mume kisheria, kipigo cha nyumbani hakikuhesabiwa kuwa shauri la dola, na wanawake hawakuwa na kura ya kuwaambia watunga sheria kitu kingine. Walihakikishiwa kura na Katiba mwaka 1920. Ukimya wa sheria za zamani haukuwa uamuzi juu ya bunduki, ulikuwa uamuzi juu ya wanawake. Kuuchukua ukimya huo na kuufanya ushahidi ni kuwahukumu wanawake wa leo kwa kosa la bibi zao kutosikilizwa.

Sheria ya jimbo la Texas ilikuwa bado ipo, nayo pia inamkataza mtu aliyewekewa amri ya ulinzi kuwa na silaha, kwa hiyo si kweli kwamba kila kinga iliondoka. Lakini kosa la shirikisho, ambalo adhabu yake Bunge lilikuwa limeipandisha mwaka 2022 hadi kifungo kisichozidi miaka 15, liliwekwa kando katika majimbo matatu kwa zaidi ya miezi 16. Habari hizo ziliwafikia watu wa kawaida kwa sura moja tu, kwamba mahakama imesema wanaume hawa wanaruhusiwa kuwa na bunduki zao. Wanawake waliisikia hivyo, na wanaume pia waliisikia hivyo. Ndiyo sababu ya lile swali nililokuwa nikiulizwa.

Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Kanda ya Tano kwa kura 8 dhidi ya 1, na sheria ya mwaka 1994 ikasimama. Jaji Mkuu Roberts aliandika kwamba mahakama za chini zilikuwa zimeielewa vibaya Bruen. Haitafutwi sheria pacha ya kale, alisema, bali kanuni iliyo nyuma ya sheria za kale. Akaziunganisha sheria zilizomtaka mtu wa kutisha aweke dhamana ya amani na zile zilizowaadhibu wanaozunguka na silaha wakitia watu hofu, na kutoka humo akapata kanuni kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio la wazi kwa mwili wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Aliyepinga peke yake alikuwa Jaji Thomas, mwandishi wa Bruen mwenyewe. Sina haja ya kusema mengi juu ya hilo: mwenye kipimo alikitumia kama alivyokitengeneza, na wenzake wote wanane wakaona kwamba jibu linalotoka halikubaliki.

Nilifurahi siku ile. Nilikuwa kazini, na nikalazimika kutoka nje kidogo. Lakini kipimo hakikuondolewa, kimelegezwa tu, na mvutano unaendelea. Sheria ya serikali kuu inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Januari 2025 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano ilisema katazo hilo linavunja haki ya vijana wa miaka 18 hadi 20. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Nne, inayosimamia Virginia na majirani zake, ilisema halivunji. Katiba ni moja, sheria ni moja, historia ni moja, na majibu ni mawili yanayopingana. Kama historia ingekuwa mizani thabiti kama wanavyoisifu, isingetoa uzito tofauti kwa kila anayeishika.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Mnamo Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza kesi ya Wolford kutoka Hawaii, jimbo ambalo mwaka 2023 lilipitisha sheria inayomtaka mwenye kibali cha kubeba bastola apate ruhusa ya wazi ya mwenye mali kabla ya kuingia nayo mahali pa watu binafsi panapopokea umma, kama vile dukani. Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilikuwa imeikubali sheria hiyo, na kati ya ushahidi wa kihistoria ilioutegemea ni sheria ya Louisiana ya mwaka 1865. Mwaka huo vita vilikuwa vimekwisha, na majimbo ya kusini yalikuwa yakitunga sheria za kuwabana watu weusi waliotoka utumwani, sheria zilezile ambazo hukumu ya McDonald ilizitaja kwa masikitiko. Mimi naiona sheria ya Hawaii kuwa ya busara. Mwenye duka ana haki ya kujua nani anaingia na bastola. Lakini kipimo kinachowalazimisha watetezi wa sheria nzuri kwenda kuomba hifadhi kwa watunga sheria waovu kina ubovu ndani yake. Mawakili wa serikali katika kesi nyingine wamefika hata kutaja sheria za kikoloni zilizowanyang'anya silaha Wakatoliki, Wahindi Wekundu na watumwa, ili kuonesha kwamba taifa lilikuwa na desturi ya kuwanyima silaha watu "wa hatari". Wamelazimika, maana ndicho kilichomo kwenye kumbukumbu.

Kesi ya pili iliyokubaliwa mwezi huohuo, ya Hemani, inatoka hapa Texas na inahusu katazo la shirikisho dhidi ya watumiaji wa dawa za kulevya kumiliki silaha, katazo lilelile ambalo chini yake Hunter Biden, mwana wa rais wa wakati huo, alitiwa hatiani Juni 2024 kabla baba yake hajamsamehe. Swali la maana kwa mtu wa kawaida ni dogo na linajibika: mtu anayevuta bangi mara kadhaa kwa wiki ana hatari kiasi gani akiwa na bastola ndani, na je, hatari hiyo inatosha kumnyima haki? Madaktari wanaweza kulizungumzia, polisi wanaweza, familia zinaweza. Badala yake mawakili walibishana juu ya jinsi walevi wa kupindukia walivyotendewa zamani, na kama mvuta bangi wa leo anafanana nao.

Ninachoomba kwa gazeti lako ni kitu cha kutendeka. Habari ya kesi ya bunduki inapofika mezani, mwandishi aseme katika aya za mwanzo kama mgogoro ulikuwa wa mamlaka ya Bunge, wa tafsiri ya sheria, au wa Marekebisho ya Pili. Aseme kama ni sheria ya jimbo au ya serikali kuu, maana kuanguka kwa moja hakuangushi nyingine. Na pale Mahakama inapokataa kuisikiliza rufaa, asiandike kwamba imeidhinisha. Juni 2025 ilipokataa kusikiliza kesi ya Maryland kuhusu katazo la bunduki za aina ya AR-15, zinazofanana na za kijeshi, katazo liliendelea kuwepo, lakini majaji watatu walitaka isikilizwe, na wa nne, Jaji Kavanaugh, akaandika kwamba Mahakama inapaswa kulishughulikia suala hilo hivi karibuni. Aliyesoma kwamba Mahakama "imekubali marufuku" alipewa habari isiyokuwepo.

Wasomaji wako wengi wana ndugu wanaoishi Marekani, na baadhi yao ni wale ninaokaa nao pembeni mwa meza ya mashahidi. Wao hawazipati hukumu hizi kwa Kiingereza chake cha kisheria. Wanazipata kutoka kwenu, kwa simu, zikiwa zimefupishwa kuwa kichwa cha habari, na kwa kichwa hicho mwanamke huamua kama arudi nyumbani kuchukua nguo za watoto au asirudi.

Wako katika ujenzi wa habari sahihi,

Mkalimani wa mahakama
Texas, Marekani
(Jina limehifadhiwa kwa sababu za kikazi)